Tiba ya Sindano na Masaji kwa Pamoja: Tufanye Nini ili Mgonjwa Abaki Salama?

Katika robo ya mwaka iliyopita kamati ya diakonia ya usharika mmoja ulio kando ya ziwa ilituandikia barua fupi yenye swali zito. Mtaalamu mmoja wa tiba mbadala alikuwa ameomba kutumia ukumbi wa usharika kila Jumamosi ili kutoa huduma mbili kwa pamoja: akupancha, yaani tiba ya sindano nyembamba, na masaji, yaani kuchua misuli. Huduma ingekuwa ya bei nafuu, na sehemu ya mapato ingeingia katika mfuko wa usharika. Kamati ilitaka kujua mambo mawili. Je, tiba hizo mbili zinaweza kutolewa kwa mtu mmoja bila kumdhuru? Na je, usharika ukubali au ukatae?

Hatukujibu siku ileile, kwa sababu swali hilo lilitugusa sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mradi wetu uliwafundisha wahudumu wa kujitolea wanaotembelea wagonjwa majumbani namna ya kuwachua wenye maumivu ya mgongo, mabega na miguu. Mafunzo yalipokelewa vizuri na taarifa tuliyowapelekea wafadhili ilikuwa ya furaha. Baadaye tulipata habari za mvuvi mmoja wa dagaa aliyechuliwa mgongo na mhudumu wetu kwa muda wa miezi mitatu. Katika kipindi hichohicho alikuwa akienda mjini kutibiwa kwa akupancha. Mwenye sindano alidhani mhudumu wetu amekwishamwuliza mgonjwa maswali ya msingi, na mhudumu wetu alidhani hivyo hivyo kuhusu mwenye sindano. Hakuna aliyemwuliza. Mvuvi yule alikuwa akipungua mwili na kulowa jasho usiku. Alipoanza kuburuta mguu ndipo alipopelekwa hospitali, na picha ya mgongo ikaonyesha kifua kikuu cha uti wa mgongo.

Alitibiwa, na leo yu hai, lakini hajarudi tena kwenye mtumbwi. Ugonjwa ule haukuletwa na sindano wala mikono ya mtu. Kosa lilikuwa kwamba tiba mbili zilimpa nafuu ya siku mbili tatu kila wiki, na nafuu hiyo ikamchelewesha. Mafunzo yetu nayo yalikuwa na upungufu: tulifundisha jinsi ya kuchua, hatukufundisha wakati wa kutochua. Makala haya ni sehemu ya kurekebisha upungufu huo.

Tiba hizi ni zipi?

Masaji si jambo geni kwetu. Mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, mtoto aliyeteguka huchuliwa kwa mafuta, na wachukuzi wa mizigo pale Mwaloni, Kirumba, huchuana mabega baada ya kazi. Mikono inapobonyeza na kusugua, misuli iliyokaza hulegea, joto huongezeka mahali pale, na mgonjwa hutulia. Kwa mtu mwenye maumivu ya muda mrefu, utulivu huo si jambo dogo.

Akupancha ilitoka China, ambako imetumika kwa zaidi ya miaka 2,000. Sindano yake haina dawa ndani na haina tundu. Ni nyembamba sana, mara nyingi unene wake ni kama robo ya milimita, na huingizwa katika sehemu maalumu za mwili na kuachwa kwa dakika 15 hadi 30 hivi. Mgonjwa husikia uzito au ganzi kidogo mahali pale. Wataalamu wa jadi wa China hueleza kuwa sindano inarekebisha mkondo wa nguvu za mwili. Wanasayansi wa leo hueleza zaidi juu ya mishipa ya fahamu na jinsi ubongo unavyopokea taarifa za maumivu.

Nchini kwetu Watanzania wengi waliisikia tiba hii kupitia madaktari wa China. Timu ya kwanza ilifika Zanzibar mwaka 1964, na nyingine ikafika Tanzania Bara mwaka 1968. Kuanzia miaka ya 1990 zahanati binafsi za tiba ya Kichina zilienea katika miji yetu mikubwa. Ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, mradi uitwao PanAfrican Acupuncture Project ulichagua njia ya kuwafundisha akupancha wahudumu wa afya ambao tayari walikuwa kazini. Njia hiyo ina faida moja kubwa: anayeshika sindano ni mtu aliyekwisha kufundishwa kutambua ugonjwa na kuzuia maambukizi.

Baadhi ya washarika wametuuliza kama sindano hizi ni sawa na chale. Si kitu kimoja. Chale hukatwa kwa wembe na dawa hupakwa katika jeraha, mara nyingi pamoja na imani fulani ya kinga. Akupancha haikati ngozi, haipaki kitu, na haihitaji mgonjwa aamini lolote. Hata hivyo vitu hivi viwili vina hatari moja inayofanana: kifaa kilichopita katika damu ya mtu mmoja kisipite katika mwili wa mwingine.

Zinasaidia kwa kiasi gani?

Ni vizuri tuseme ukweli bila kuongeza chumvi. Mwaka 1997 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilisema kuwa akupancha ilionyesha matokeo ya kutia moyo katika kupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji na baada ya dawa za saratani, na maumivu baada ya kung'olewa jino. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya muda mrefu ya kiuno na mgongo wa chini ambayo hayatokani na ugonjwa mwingine uliojulikana. Katika mwongozo huo akupancha na masaji zote mbili zimo katika orodha ya tiba zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi ya viungo na elimu kwa mgonjwa. Pendekezo hilo lina masharti, maana ushahidi uliopo bado si wa nguvu sana. Mwongozo huohuo ulishauri wagonjwa wa namna hii wasipewe kwa kawaida mikanda ya kiuno wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Hapa tuzingatie maneno haya: "ambayo hayatokani na ugonjwa mwingine". Mgongo unaouma kwa sababu ya kuvuta nyavu au kuinama mchana kutwa kuanika dagaa ni jambo moja. Mgongo unaouma kwa sababu ya kifua kikuu, saratani, mfupa uliovunjika au figo ni jambo jingine. Kwa macho migongo hiyo miwili inafanana. Kazi ya kuitofautisha ni ya daktari au tabibu, na inatakiwa kufanyika kabla ya mafuta na kabla ya sindano.

Wala tiba hizi hazitibu UKIMWI, kisukari, shinikizo la damu au selimundu. Wasomaji wetu wengi wanakumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Baadhi yao waliacha dawa zao za hospitali, zikiwemo za kufubaza virusi vya UKIMWI, na wakadhurika. Fundisho lake bado liko nasi: tiba yoyote ya nyongeza ibaki kuwa ya nyongeza. Anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali ili sindano zifanye kazi, huyo aondoke ukumbini siku hiyo hiyo.

Hatari zinazokuja tiba mbili zinapokutana

Kila tiba ina tahadhari zake. Lakini zinapounganishwa hutokea mambo manne ambayo tiba moja peke yake isingeyaleta, au isingeyaleta kwa kiasi kile.

Kwanza, mwili unalegea mara mbili. Masaji huteremsha msukumo wa damu kwa muda, hasa ikitanguliwa na kukandwa kwa maji ya moto. Sindano nazo huweza kumfanya mtu azirai, hasa anapopata kwa mara ya kwanza. Sasa mfikirie mvuvi wa dagaa. Amekesha ziwani, amefika mwaloni alfajiri, ameshusha mzigo, hajala wala kunywa maji ya kutosha, na saa tatu asubuhi amelala kitandani kuchuliwa na kuchomwa sindano. Mtu huyu yuko karibu sana na kuzirai. Akiinuka haraka na kupanda bodaboda, anguko lake litakuwa barabarani.

Pili, ngozi yenye vitobo inaguswa kwa nguvu. Kitobo cha sindano ni kidogo, lakini ni mlango. Mafuta yaliyokaa wazi, mikono isiyooshwa na kusugua kwa nguvu juu ya mahali palipotoka sindano muda huo huo vinaweza kuingiza vijidudu au kuongeza kuvuja kwa damu chini ya ngozi. Tone la damu linaweza pia kumfikia mchuaji mwenye mchubuko kidoleni.

Tatu, sindano na mikono vinagombea mahali pamoja. Mtu asichuliwe kamwe sehemu ambayo bado ina sindano. Sindano inaweza kupinda, kuvunjika au kuzama ndani zaidi. Juu ya kifua na mgongo wa juu, sindano iliyozama inaweza kutoboa pafu na kusababisha hewa ivuje kifuani. Tukio hilo ni nadra, lakini ni la dharura.

Nne, hakuna anayejua picha nzima. Hili ndilo lililompata mvuvi wetu. Mchuaji anaona misuli, mwenye sindano anaona vituo vyake, muuza duka la dawa anaona maumivu ya kutulizwa, na mgonjwa anadhani wote wanajua. Maumivu yakizidi, haijulikani ni kipi kimesababisha.

Utaratibu wa siku ya tiba

Wataalamu wenyewe hutofautiana kuhusu kipi kitangulie. Baada ya kushauriana na wauguzi na mtaalamu wa fiziotherapia, sisi tumechagua utaratibu ufuatao kwa vikundi vyetu, kwa sababu ni rahisi kuufuata na kuusimamia:

1. Mgonjwa awe amekula na kunywa maji, na asiwe amelewa. Aliyekesha kazini apumzike kwanza au apangiwe siku nyingine.

2. Maswali yaulizwe kabla ya kuvua nguo, na msukumo wa damu upimwe.

3. Kama tiba zote mbili zitatolewa siku moja, masaji iwe nyepesi na itangulie. Misuli iliyolegea hupokea sindano vizuri zaidi kuliko iliyokaza.

4. Mafuta yote yafutwe, ngozi isafishwe, na mgonjwa apumzike kidogo kabla ya sindano ya kwanza.

5. Kwa anayeanza, sindano ziwe chache na mgonjwa awe amelala, si ameketi. Asiachwe peke yake chumbani.

6. Sindano zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka. Hesabu mbili zisipolingana, mgonjwa haondoki.

7. Baada ya sindano, sehemu zilizochomwa zisichuliwe tena siku hiyo. Masaji ya nguvu mahali hapo isubiri siku mbili.

8. Mgonjwa akae robo saa kabla ya kuondoka. Maumivu madogo au alama ndogo ya damu kuvilia ni jambo la kawaida na huisha kwa siku chache. Kubanwa kifua, kukosa pumzi, homa, uvimbe unaokua au ganzi isiyoisha si kawaida. Aende hospitali mara moja.

Tukumbuke pia kwamba kupiga chuku au hijama, kuchoma majani ya dawa karibu na ngozi, na sindano zinazounganishwa na mashine ya umeme ni tiba nyingine zenye hatari zake. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua bila kusikia. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiunganishwe na mashine ya umeme. Ruhusa ya sindano na masaji si ruhusa ya vyote hivyo.

Nani asianze kabla ya kuonwa na daktari?

Orodha hii ikatwe na kubandikwa ukutani:

- Mwenye maumivu ya mgongo pamoja na kupungua uzito, homa, jasho la usiku, kibiongo kinachojitokeza, udhaifu wa miguu, au shida ya kuzuia haja. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hula mfupa, na kubonyeza mfupa ulioliwa kunaweza kuleta kupooza. Matibabu ya kifua kikuu nchini Tanzania hutolewa bila malipo.

- Mwenye mguu mmoja uliovimba, wa moto na wenye maumivu, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au kulala kitandani muda mrefu. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kuchua kunaweza kung'oa bonge hilo likaenda kwenye mapafu na kuua.

- Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, au mwenye ugonjwa wa kutokwa damu kirahisi.

- Mama mjamzito. Tumbo lisichuliwe kwa lengo la kugeuza mtoto wala kuharakisha uchungu, maana kondo la nyuma linaweza kung'oka. Sindano za tumboni na kiunoni nazo ziepukwe.

- Mtoto mwenye maumivu ya mifupa au mikono na miguu iliyovimba. Kanda yetu ya ziwa ina selimundu kwa wingi. Katika utafiti wa vichanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliofanyika kupitia Bugando na kuchapishwa mwaka 2018, zaidi kidogo ya mtoto 1 kati ya 100 alikuwa na selimundu, na takriban 1 kati ya 5 alibeba urithi wake. Mtoto wa namna hii anahitaji maji, dawa za maumivu na kipimo, si kuchuliwa kwa nguvu.

- Aliyeanguka au kupata ajali ya bodaboda karibuni, na mzee ambaye huenda mifupa yake imekuwa dhaifu.

- Mwenye kidonda, jipu au ngozi iliyoungua mahali panapotakiwa kutibiwa.

Kuwa na virusi vya UKIMWI peke yake si sababu ya kumnyima mtu tiba hizi, na asilazimishwe kujitangaza mbele ya kamati. Njia ya kuwalinda wote ni kuitendea damu ya kila mtu kana kwamba ina maambukizi.

Sindano moja, mtu mmoja, mara moja

Katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu mafunzo na usalama wa akupancha, Shirika la Afya Duniani lilisisitiza sindano zilizotakaswa na mbinu safi. Siku hizi sindano za kutumika mara moja na kutupwa zinapatikana, na kwa vikundi vyetu hatukubali kitu kingine. Wengine husema, "Sindano hii ni ya mgonjwa huyu huyu, tunamtunzia." Jibu letu ni hapana. Wengine huzifuta kwa spiriti au kuzichemsha sufuriani. Hilo nalo halitoshi: spiriti haitakasi kifaa kilichoingia mwilini, na maji yanayochemka hayaui kila aina ya kijidudu. Virusi vya homa ya ini aina B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu inayovibeba inaweza kuwa ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Sindano iliyotumika itupwe palepale katika sanduku gumu la usalama, lile la manjano tunaloliona zahanati, lisijazwe zaidi ya robo tatu, kisha lipelekwe kwenye kituo cha afya chenye tanuru la kuchomea taka. Lisitupwe jalalani wala shimoni nyuma ya kanisa. Watoto wetu hucheza huko. Mwenye kushika sindano, na hata mchuaji anayefanya kazi pamoja naye, wapate chanjo ya homa ya ini B.

Daftari moja

Wagonjwa wetu wamezoea kwenda hospitali na daftari. Tunashauri daftari hilohilo liende nao kila mahali. Mchuaji aandike tarehe, sehemu aliyochua na alichokiona. Mwenye sindano aandike idadi ya sindano na mahali zilipowekwa. Dawa zote ziorodheshwe, pamoja na diklofenaki iliyonunuliwa dukani na dawa za mitishamba. Dawa ya unga au kidonge kisicho na jina kisimezwe, maana hakuna anayeweza kusema kitagombana na nini.

Tumeongeza kanuni moja fupi: maumivu yasiyopungua baada ya mara tatu, au yanayorudi yakiwa makali zaidi, mgonjwa arudishwe zahanati akiwa na daftari lake. Kutoka hapo anaweza kupewa rufaa kwenda Sekou Toure au Bugando inapobidi. Kama mvuvi wetu angekuwa na daftari la namna hii, mtu wa tatu kulifungua angeona wiki nne za maandishi yanayofanana na angeuliza kwa nini.

Maswali ya kamati kabla ya kufungua mlango

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambalo husajili watoa huduma na mahali wanapotolea huduma. Kwa hiyo cheti cha mtu hakitoshi. Ukumbi nao una utaratibu wake. Mratibu wa tiba asili katika halmashauri anaweza kuisaidia kamati. Tunashauri maswali haya saba yaulizwe na majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao:

1. Je, umesajiliwa, na usajili wako bado ni hai?

2. Ulisomea wapi, kwa muda gani, na ni nani aliyekusimamia?

3. Je, mahali hapa pamesajiliwa kwa huduma hii?

4. Sindano zinatoka wapi, na zilizotumika zinakwenda wapi?

5. Nani atamwuliza mgonjwa maswali ya hatari kabla ya tiba?

6. Mgonjwa akizirai au akikosa pumzi, atafikaje hospitali, na kwa gari la nani?

7. Je, umewahi kumkataa mgonjwa? Kwa sababu gani?

Swali la saba ndilo tunalolipenda zaidi. Mtaalamu wa kweli ana mifano ya watu aliowarudisha. Asiyewahi kumrudisha mtu, ama ana bahati ya ajabu, ama haulizi.

Tuliishauri pia kamati ile isipokee asilimia ya mapato. Tunajua paa la kanisa linavuja na fedha zinahitajika. Lakini anayepata gawio kwa kila mgonjwa ataona vigumu kumwambia mgonjwa wa kumi, "Wewe nenda hospitali kwanza." Kodi ya ukumbi iwe kiasi kilekile kwa siku, wawe wagonjwa wengi au wachache.

Kamati ilimwita yule mtaalamu na kumwuliza yote saba. Maswali mengi aliyajibu vizuri. Mawili hakuwa na jibu lake: sindano zilizotumika zingepelekwa wapi, na nani angewaona wagonjwa kwanza. Ukumbi nao ulikuwa haujasajiliwa. Hakukasirika, aliomba muda. Kamati haikukubali wala haikukataa. Sasa wanazungumza na zahanati ya jirani ili huduma ifanyike huko, ambako kuna muuguzi, kipimo cha msukumo wa damu na tanuru. Kuhusu gawio, wazee walijadiliana kwa muda mrefu, kisha wakaliacha.

Kwa wafadhili wetu

Wapo waliotuuliza kama mradi utanunua vitanda vya masaji. Kwa sasa, hapana. Tunaomba fedha kwa ajili ya mambo matatu: kuwarudia wahudumu wote wa majumbani tuliowafundisha na kuwafundisha dalili za hatari, kununua madaftari na vipima msukumo wa damu, na nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali pale dalili zinapoonekana. Nauli hiyo ya basi au boti kutoka visiwani ndiyo mara nyingi humfanya mgonjwa abaki nyumbani akichuliwa hadi mguu unapolegea.

Mvuvi tuliyemtaja amekubali kuzungumza na wahudumu katika mafunzo ya kwanza. Tulimwomba radhi, naye alitupokea kwa upole. Ombi lake lilikuwa moja tu: kila mtu anayemshika mgonjwa mgongo aulize kwanza kama anatoka jasho usiku. Tumeliweka swali hilo juu kabisa katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Kamati zenye maswali zaidi zituandikie kupitia ofisi ya jimbo.